Mwongozo kamili wa kuchagua ndege ya modeli kwa picha za angani

Watu wengi wanaotaka kupiga picha kutoka angani huanza kwa kuchagua ndege. Wanavutiwa na umbo lake au mwendo wake kwenye video, wanaiagiza, na ikishafika ndipo wanapotafuta pa kuiweka kamera. Mara nyingi nafasi haipo, au ipo lakini ndege haiumudu uzito. Mpangilio ninaoupendekeza ni wa kurudi nyuma: anza na picha unayoitaka, picha ikuchagulie kamera, kamera pamoja na uwanja wako wa kutua vikuchagulie bawa, na bawa likuchagulie mota na betri. Chapa na rangi viwe vya mwisho.

Kabla ya yote: je, unahitaji mabawa?

Kwa picha ya nyumba inayouzwa, harusi ya ufukweni au shamba la ekari mbili, nunua droni ya rafadha nne. Inasimama hewani, inapanda wima, na kujifunza kuirusha hakuhitaji muda mrefu. Ndege yenye mabawa haiwezi kusimama. Ikikosa mwendo inaanguka, na inahitaji nafasi ya kupandia na ya kushukia.

Faida yake iko kwenye masafa na muda. Droni hunyanyuliwa na mota zake tangu inaporuka hadi inapotua, kwa hiyo hula umeme mwingi hata ikiwa imetulia mahali pamoja. Ndege hubebwa na bawa, na mota yake inashindana na ukinzani wa hewa tu. Kwa uzito uleule, ndege itatumia chini ya nusu ya umeme wa droni. Ndiyo maana mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar, ulioanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ulitumia ndege za mabawa aina ya eBee kutoka Uswisi. Ni bawa la povu lenye urefu wa sentimita 96 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa takriban gramu 700, linalorushwa kwa mkono. Vijana wa chuo walizitumia kupiga picha Unguja na Pemba, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Mwaka huohuo, nchini Rwanda, kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga kwa ndege zenye mabawa, kwa sababu ileile ya masafa.

Kwa hiyo kama kazi yako ni mashamba makubwa, mikoko, mito, kingo za bahari au barabara ndefu, endelea kusoma.

Hatua ya kwanza: iandike picha unayoitaka

Chukua karatasi ujibu maswali mawili. Unataka picha ya mshazari, inayoonyesha upeo wa macho na mandhari, au picha ya wima inayotazama chini moja kwa moja? Na kitu kidogo kabisa unachotaka kukitambua kwenye picha kina ukubwa gani?

Picha za mshazari ni za uzuri na habari. Kamera ndogo inatosha, na unaweza kuongoza ndege kwa mikono huku ukitazama. Picha za wima ni za kazi ya vipimo: kuhesabu miche, kupima eneo, kuunganisha mamia ya picha kuwa ramani moja. Hizo zinataka mistari iliyonyooka, kimo kisichobadilika na otopailoti, yaani kifaa kinachoiongoza ndege chenyewe.

Swali la pili linajibiwa kwa hesabu fupi, na hesabu hii ndiyo moyo wa mwongozo mzima. Upana wa ardhi unaoingia kwenye picha ni sawa na kimo cha ndege mara upana wa sensa ya kamera (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga), gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Chukua Sony a6000 yenye lenzi ya milimita 20. Sensa yake ina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6, na picha yake ina nukta (pikseli) 6,000 kwa 4,000. Ukiwa mita 100 juu, picha moja itafunika ardhi ya mita 117.5 kwa 78. Gawanya mita 117.5 kwa nukta 6,000: kila nukta inawakilisha karibu sentimita 2 za ardhi. Kitu huanza kutambulika kikichukua nukta kadhaa, kwa hiyo utauona mche wa mahindi wenye majani yaliyokwisha kutanuka, lakini hutalitambua jani moja lenye ugonjwa.

Fanya hesabu hii kwa kila kamera unayoifikiria, kwa kimo unachoruhusiwa kuruka. Katika nchi nyingi mpaka ni futi 400, yaani takriban mita 120.

Hatua ya pili: chagua kamera, uipime kwenye mizani

Kamera za vitendo, zile ndogo za kufunga kwenye kofia ya baiskeli, zina uzito wa gramu 150 hivi na hazivunjiki kirahisi. Zinafaa kwa video na picha za mshazari. Lenzi zake ni pana mno na hupinda kingo za picha, hivyo kwa ramani si chaguo zuri. Daraja la pili ni kamera ndogo za mfukoni. Canon S110, yenye uzito wa takriban gramu 200, ilitumika sana katika ndege za ramani, na kamera kadhaa za Canon hukubali CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu na kuifanya kamera ijipigie picha kila baada ya muda uliouweka. Kamera hizi zinapatikana mitumba. Daraja la tatu ni kamera za kubadilisha lenzi. Sony a6000 ina gramu 344 pamoja na betri na kadi, na lenzi ya milimita 20 ina gramu 69. Jumla ni gramu 413, na hiyo ndiyo namba nitakayoitumia hadi mwisho.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni shata, yaani kile kinachofungua na kufunga mwanga unaoingia kwenye sensa. Kamera nyingi ndogo husoma sensa mstari baada ya mstari. Ndege ikitetemeka wakati wa kusoma, mistari ya picha huhamahama na paa la bati lililonyooka hutoka likiwa na mawimbi. Kamera yenye shata ya mitambo hupunguza sana tatizo hilo, ndiyo maana kwa kazi za vipimo ningechagua kamera ya zamani yenye shata ya kweli kuliko simu mpya ya bei kubwa.

Kasi ya shata nayo ina hesabu yake. Ndege ikienda mita 14 kwa sekunde na shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, ndege husogea sentimita 1.4 wakati picha inapigwa. Kwa kuwa nukta moja ni sentimita 2, picha itakuwa kali. Sasa weka upepo wa mita 10 kwa sekunde mgongoni. Kasi juu ya ardhi inakuwa mita 24, picha inavutika sentimita 2.4, ukungu unaanza kuonekana. Siku za upepo tumia 1/2000, na panga mistari yako ikatishe upepo badala ya kuufuata.

Usiamini uzito ulioandikwa kwenye boksi peke yake. Weka kamera, kadi, waya na kishikizo chake kwenye mizani ya jikoni na uandike jumla.

Hatua ya tatu: uwanja wa kutua, na kibali

Nenda mahali utakapokuwa ukirukia, utembee kwa miguu. Ndege ya magurudumu inahitaji njia iliyokatwa majani au lami, na hiyo ni anasa ambayo wengi hatuna. Ndege ya kurushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo inahitaji kipande cha majani cha mita 60 au 80 kisicho na visiki, na upande mmoja usio na miti ya kukatisha njia ya kushukia. Kama eneo lako ni minazi mitupu au mashamba ya mkonge, ambayo majani yake yana miiba migumu nchani, chagua ndege nyepesi inayoweza kushuka polepole, au ufikirie zile zinazopanda wima kwa rafadha kisha zikaruka kwa mabawa. Hizo za mwisho ni nzuri lakini bei yake ni ya kampuni.

Ufukwe unavutia, na mchanga mbichi maji yakitoka ni tambarare kuliko uwanja wowote. Hata hivyo chumvi hula mota na viungio vya waya, na chembe moja ya mchanga ndani ya lenzi inayochomoza inatosha kuifunga kamera. Ukilazimika kutua hapo, tandaza turubai au wavu mwishoni mwa njia.

Kibali kishughulikiwe kabla ya kulipia chochote. Tanzania mambo ya ndege zisizo na rubani yako chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi inahusika kwenye idhini. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, na hata kuingiza chombo nchini kunahitaji idhini. Hifadhi za wanyama ni marufuku bila kibali maalumu. Sheria haitofautishi ndege ya povu uliyoiunda mwenyewe na droni ya dukani, na mzigo usio na kibali unaweza kuishia forodhani.

Hatua ya nne: hesabu bawa

Hapa ndipo ndege inapoanza kuonekana. Kipimo muhimu kuliko vyote ni uzito wote wa ndege, ikiwa tayari kuruka, ugawanywe kwa eneo la bawa. Wenye fani hutumia gramu kwa desimita ya mraba.

Tuseme una bawa la urefu wa mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa wastani wa sentimita 20. Eneo lake ni desimita za mraba 36. Bodi (mwili wa ndege), servo (vimota vinavyosogeza usukani), mota na kidhibiti chake ni gramu 900. Betri gramu 500. Otopailoti, GPS na kipokezi gramu 100. Kamera gramu 413 na kishikizo chake 60. Jumla inakaribia kilo 2, na ukigawanya kwa 36 unapata gramu 55 kwa desimita ya mraba.

Je, ni nyingi au kidogo? Kwa ndege za ukubwa huu, chini ya 40 ndege inaelea kwa upole na kutua taratibu, lakini upepo unaichezea na picha zinayumba. Kati ya 40 na 60 ndipo mahali pazuri pa picha: imetulia hewani na bado inarushika kwa mkono. Ikivuka 75 unahitaji mrushaji mwenye nguvu na uwanja mrefu, na kosa dogo wakati wa kutua linavunja.

Kutoka kwenye namba hiyo unaweza kukadiria kasi ya kuporomoka, yaani mwendo ambao chini yake bawa halibebi tena. Kwa gramu 55, usawa wa bahari, ni takriban mita 8.6 kwa sekunde, kama kilomita 31 kwa saa. Kasi ya kupigia picha iwe mara moja na nusu ya hiyo au zaidi kidogo, yaani mita 13 au 14.

Watu wa nyanda za juu wanapaswa kusoma aya hii mara mbili. Hewa ya Mbeya au Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Tanga, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege ileile iliyoporomoka kwa mita 8.6 pwani itaporomoka kwa karibu mita 9.5 huko juu. Itahitaji kurushwa kwa nguvu zaidi, itatua kwa kasi zaidi, na rafadha yake itavuta kidogo. Kwa hiyo ukisoma sifa za ndege zilizoandikwa na mtu anayeruka usawa wa bahari Ulaya, punguza mzigo wako au ongeza bawa.

Hatua ya tano: chagua umbo

Ndege za picha zimegawanyika katika koo chache, na kila ukoo una tabia zake.

Ukoo wa kwanza ni ndege zenye bawa juu na mota nyuma ya bawa, ikisukuma badala ya kuvuta. EasyStar ya Multiplex kutoka Ujerumani ndiyo iliyowafundisha wengi, na Bixler ya HobbyKing ikafuata mkondo huo. Bawa ni la mita 1.4 hivi, mwili ni wa povu gumu. Pua iko wazi kwa kamera, hakuna rafadha mbele ya lenzi, na ndege ikigonga ardhi mota haiguswi. Kwa kamera ya vitendo na kwa mtu anayeanza, sioni sababu ya kutafuta kingine. Fahamu tu kwamba mota ikiwa juu ya bodi, ukiongeza nguvu ghafla pua inainama. Mkono wako utazoea kuvuta kidogo. Na unapoirusha, mkono upite mbali na rafadha, kwani iko nyuma ya kiganja chako.

Ukoo wa pili ni ndugu wakubwa wa hao, kama Skywalker za mita 1.68 hadi 1.9. Umbo ni lilelile, lakini bodi ina tumbo la kubeba kamera ya gramu 400, betri kubwa na otopailoti bila kubanana. Kwa kazi ya ramani inayofanywa na mtu mmoja au wawili, huu ndio ukoo ninaoupendekeza bila kusita. Mfano wetu wa kilo 2 umetoka humu.

Mabawa yasiyo na mkia ni ukoo wa tatu, kuanzia eBee ndogo hadi Skywalker X8 ya mita 2.12. Ni rahisi kubeba kwenye pikipiki, yana sehemu chache za kuvunjika na yanakata upepo vizuri. Lakini bawa lisilo na mkia hutoa unyanyuo mdogo kwa kasi ndogo, hivyo hutua kwa kasi zaidi kuliko ndege ya kawaida ya uzito huohuo, na kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inapojisawazisha, kikikosewa kwa milimita chache halirukiki. X8 iliyojaa mzigo hurushwa vyema kwa kamba ya mpira. Usiianze hobi na ukoo huu.

Talon ya X-UAV, yenye bawa la mita 1.7 na mkia wa V, ina tumbo kubwa na huenda mbali. Inapenda kasi, na mwanafunzi atapata shida nayo.

Mwisho kuna ndege za mbao za balsa za mtindo wa zamani. Senior Telemaster, yenye bawa la karibu mita 2.4, inaruka polepole kiasi cha kushangaza na bodi yake inameza kamera ya aina yoyote. Inahitaji magurudumu, njia ya kurukia, gari la kuibebea, na fundi anayejua kugundisha mbao. Ukiwa navyo hivyo vyote, iwekee mota ya umeme badala ya injini ya mafuta, kwa sababu mtetemo na mafuta ya ekzosi ni maadui wa lenzi.

Kuhusu malighafi: povu la EPO, lile gumu la ndege za dukani, linakubali supaglu na hutengenezeka palepale shambani. Povu jeupe la kawaida la kufungia televisheni huyeyuka ukilitia supaglu, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza. Povu lolote hupinda likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Hakikisha bawa lina fimbo ya kaboni ndani, tena ipite kutoka bawa moja hadi jingine. Rangi iwe nyeusi au ya chungwa kali upande wa chini, maana ndege nyeupe hupotea kwenye mawingu ikiwa mita 300 kutoka ulipo.

Hatua ya sita: mota na betri

Kwa ndege ya kurushwa kwa mkono, tafuta wati 150 kwa kila kilo. Kilo 2 ni wati 300, na kwa betri ya seli nne, volti 14.8, mota itavuta kama ampea 20. Kidhibiti cha ampea 40 kitafanya kazi bila kuchemka. Rafadha iwe kubwa na izunguke taratibu, inchi 10 au 11 kama bodi inaruhusu; hutumia umeme vizuri na kelele yake ni ndogo.

Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli nne na mAh 5,000 ina wati-saa 74. Usiitumie zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo una wati-saa 59. Ndege yetu ikila wati 120 kwa mwendo wa kawaida, utakaa angani karibu nusu saa. Ondoa kupanda, kugeuka na kushuka, zinabaki dakika 20 za kupiga picha. Ukiacha mita 41 kati ya mstari na mstari, ili picha zifunikane asilimia 65 kwa upande, utafunika hekta 3.4 kila dakika. Hiyo ni hekta 68, kama ekari 170, kwa mruko mmoja. Linganisha na ukubwa wa shamba lako ndipo uamue kama unahitaji betri kubwa zaidi.

Ukitaka zaidi, seli za lithiamu-ioni za ukubwa uitwao 21700 zinabeba nishati nyingi kwa uzito. Nane zake, zikiungwa nne nne kwa mfululizo katika safu mbili za sambamba, zina takriban gramu 600 na wati-saa 144, karibu mara mbili ya LiPo yetu. Hazipendi kuvutwa umeme mwingi kwa ghafla, ndiyo sababu zinafaa ndege tulivu na hazifai ndege za mbio. Angalia jambo jingine kama unasafiri kwa ndege ya abiria: betri za akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi, hadi wati-saa 100 bila kuuliza, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. LiPo mbili za 74 zinapita pasipo maswali. Pakiti moja ya 144 inahitaji barua.

Seli ya LiPo ijazwe hadi volti 4.2, isishuke chini ya 3.5, na ikihifadhiwa iachwe kwenye 3.8. Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na usiondoke.

Hatua ya saba: otopailoti

Kwa picha za mshazari unaweza kuishi bila hiyo. Kwa ramani huwezi. ArduPilot ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye vifaa vingi, na inaweza kuiamuru kamera ipige kila baada ya umbali fulani badala ya kila baada ya sekunde fulani. Tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mfano wetu tunataka picha kila mita 19.5, ili zifunikane asilimia 75. Kwa mita 14 kwa sekunde hiyo ni kila sekunde 1.4, upepo ukisukuma hadi mita 24, ni kila sekunde 0.8. Kamera iliyowekewa saa itaacha mapengo upande mmoja na kujaza kadi upande mwingine. Hakikisha pia kamera yako inaweza kupiga haraka kiasi hicho.

Weka kimo cha kurudi nyumbani kiwe juu ya minazi na minara yote iliyo karibu. Nunua pia kipima mwendo wa hewa, kale kamrija kanakotazama mbele. Bila hicho otopailoti inajua kasi juu ya ardhi tu, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu mchana unaweza kuidanganya hadi ndege iporomoke.

Hatua ya nane: jaribu kabla kamera haijapanda

Mruko wa kwanza uwe bila kamera, asubuhi, upepo ukiwa mdogo. Kitovu cha uzito cha ndege yenye mkia kiwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kamera ikae hapohapo kwenye kitovu, ili ndege iruke vilevile ikiwa nayo au isipokuwa nayo.

Mruko wa pili, jaza mfuko mchanga wenye uzito wa kamera na kishikizo, gramu 473 kwa mfano wetu, uufunge mahali pa kamera. Panda juu, punguza nguvu taratibu, utazame ndege inavyoporomoka. Ndege nzuri huinamisha pua na kuchukua mwendo tena. Ikiangusha bawa moja kwa ghafla, sogeza uzito mbele kidogo au kagua kama bawa limepinda, kisha rudia. Usiweke kamera hadi tabia hiyo iishe.

Halafu, ndege ikiwa imeshikwa chini na mtu mwingine, washa mota kwa nguvu ya kati na urekodi video. Picha ikitetemeka, sawazisha rafadha kwanza. Sponji chini ya kamera huja baadaye, kwa sababu kuzuia mtetemo kwenye chanzo ni bora kuliko kuufyonza. Lenzi izame ndani ya tumbo kwa milimita kadhaa ili tumbo ndilo liguse ardhi. Fokasi ifungwe kwa selotepu ikiwa mbali kabisa, na mpangilio wa rangi wa kamera usiachwe kwenye otomatiki, la sivyo kila picha ya ramani itakuwa na kijani chake.

Ukiruka juu ya maji, epuka saa za jua la utosi, mwanga unaorudi kutoka majini hufuta kila kitu. Kwa mashamba ni kinyume: jua la juu hufupisha vivuli. Mashamba ya mwani na matumbawe yapige bamvu maji yakiwa yametoka, asubuhi ikiwezekana. Mwewe na kunguru hushambulia ndege, hasa karibu na viota. Ukiona wamekusanyika, panda juu haraka kwa sababu wengi huchoka kufuata, au tua.

Ukirudi na picha za kwanza, zikuze hadi asilimia mia kwenye kompyuta. Ukungu ulionyooka kuelekea njia ya ndege unatokana na shata ya polepole au upepo wa nyuma. Mistari yenye mawimbi ni mtetemo. Ukungu wa picha nzima usio na mwelekeo ni fokasi iliyohama. Na kona moja pekee ikiwa na ukungu huku nyingine tatu zikiwa kali, lenzi imegongwa wakati wa kutua. Ibadilishe kabla ya kuchukua kazi ya mteja.